Mizani ya Makambako

Zamu ya usiku, Juni, ukungu umelala barabarani
kama mgonjwa asiyetaka kugeuzwa.
Mimi, Atuganile, sweta mbili na kitenge juu,
nasoma ekseli:
mbao za Mafinga bado zinavuja utomvu,
parachichi za Njombe (za Ulaya hizo, usiziguse),
viazi vya Uwemba, lumbesa zimefura
kama mashavu ya mpiga tarumbeta.
Kila mzigo una harufu, na harufu hunitangulizia uzito.

Kisha huja yale yasiyonuka kitu.
Kontena mbili, njia ya Songea,
gari la polisi mbele, jingine nyuma,
na ubavuni kibandiko cha njano
chenye feni nyeusi, mapanga matatu.
Mama Ngailo wa chai aliniuliza,
"Hizo feni wanapeleka wapi na baridi hii?"
Nikacheka, sikumjibu.
Hati inasema: mapipa, unga, bandarini,
halafu majina ya miji ambayo ulimi wangu hujikwaa.

Ambokile dereva huzungumza na tairi zake tu.
Amejua jambo moja: bei hupangwa huko,
kwa ratili,
na watu ambao hawajawahi kubeba ratili ya chochote.
"Mwezi uliopita ilipanda," asema, akipiga tairi teke.
"Mimi posho ile ile."

Nimepima. Tani zimo ndani ya sheria.
Nagonga muhuri, na naona aibu, sijui ya nini:
mahindi yakizidi natoza faini,
na huu, ambao kijiko chake kingechemsha
chai ya mtaa wetu wote,
naupitisha kwa kuwa hauzidi.

Usiku mmoja umeme ulikatika lori likiwa juu ya mizani.
Skrini ikafa. Mtaa ukafa.
Hakuna aliyesema neno.
Jenereta ilikohoa mara nne.

Nyuma ya risiti iliyoharibika niliandika
kwa ile mizani nyingine, ya marehemu baba,
aliyehesabu silabi kwa vidole akikamua ng'ombe:

*Unga huu wa manjano, haupikwi hauliwi,*
*Ng'ambo una mapatano, na kwetu haugawiwi,*
*Napima kwa tano tano, siri hazifichuliwi,*

Mstari wa nne haukuja.
Lori la saruji lilipiga honi.

Lugano, mdogo wangu, yuko huko machimboni.
Kifuani huvaa kibeji kinachohesabu
kitu asichokiona, kisichomchoma wala kumwasha.
Wanakikusanya, wanakipeleka mahali, wanampa kingine.
Hesabu yenyewe hajaoneshwa.
Hutuma pesa kwa simu. Bati la mama ni yeye.

Alikuja Pasaka. Saa nane usiku, barabara tupu,
akasema, "Dada, nipime kama mwaka jana."
Akaweka begi chini, akavua mabuti,
akasimama katikati ya chuma kile kipana,
mdogo kama punje iliyosahauliwa kwenye ungo.

Mizani ya malori huruka kwa ishirini.
Haijui kilo moja, haijui tisa.
Mwaka jana ilisema themanini.
Sasa ikasema sitini.

Kama alikuwa sabini na moja, akawa sitini na tisa,
si kitu, ni uzito wa jogoo.
Kama ni zaidi ya hapo,
nilimwambia ashuke, apande tena.
Sitini.
"Mashine yenu mbovu," akacheka,
akipuliza viganja, miguu ikimwuma kwa baridi ya chuma.

Nikamchapia risiti, kama gari lolote:
tarehe, saa, uzito, hakuna faini.
Akaikunja mara mbili,
akaitia mfuko wa kifuani,
nyuma ya kile kibeji.