Hesabu ya Boflo

Saa tisa za usiku, Wete bado imelala,
ubao wa mlango hugongwa mara moja.
Mara moja tu. Baba hakuwa mtu wa kurudia.
"Raya, unga haungoji."

Nikitoka na kanga ya mama begani,
miguu ikiijua njia kabla ya macho:
hatua kumi na nne, kizingiti, kisha joto.

Tanuri la Faki Shaame lilikuwa uani, huko Utaani,
udongo mwekundu na matofali ya jengo lililobomoka,
mdomo mweusi kwa masizi ya mikandaa.
Msimu wa karafuu baba akitia na makonyo,
basi mtaa mzima ukiota ndoto
zenye harufu ya dawa ya jino.

Kazi yangu kuchunga unga:
kutoa fukusi, nyuzi za gunia,
siku moja kifungo cha shati
nilichokificha, nikiamini kimetoka ng'ambo
kuja kunitafuta mimi.
Kisha kupaka kalibu mafuta, kalibu arubaini na mbili,
hadi pembeni kabisa, maana pembe kavu huung'ang'ania mkate
kama mgeni asiyeona kuwa mkeka umeshakunjwa.

Tukingoja donge, baba akitega.
"Kitendawili."
"Tega."
"Namlaza mwembamba, aamka mnene."
Nilijua. Kila usiku nilijua.
Nikimpa mji hata hivyo,
leo Mkoani, kesho Tanga, siku ya sikukuu Maskati,
naye, ambaye hata Unguja alifika mara mbili tu,
akifumba macho, akienda, akikaa huko kidogo,
akirudi na jibu na unga kwenye nyusi.

Skuli waliniita Hamira.
Sikulia. Nilikwenda nyuma ya choo
nikanusa viganja.
Kweli.

Mwaka unga ulipoadimika tulichanganya muhogo.
Mkate ule ukiuangusha, paka hukimbia.
Watu walinunua, tena kwa maneno matupu:
"Andika, Faki, karafuu zikianikwa nakulipa."
Akiilamba penseli kwanza, ndipo akiandika,
majina kwa herufi za chuoni,
hesabu kwa tarakimu za skuli.

Nami pakacha kichwani mpaka Jadida, mpaka Bopwe.
Nimetoka na boflo thelathini,
nimefika na ishirini na tisa.
Sikuwa na njaa, Mungu ananiona.
Nilitaka tu kuuvunja ungali moto,
nione mvuke ukitoka
kabla haujawa mkate wa mtu.

Baba akizihesabu sarafu, akizihesabu tena,
akiangalia makuti ya paa.
"Haya. Kanywe chai, skuli isikupite."

Alikufa mfunguo tano, siku ya mvua.
Baada ya hitima kaka zangu waligawana mizani,
sinia, na kasia la kutolea mikate.
Mimi nikaomba daftari.

Bwana Khatib wa Limbani, mikate kumi na tisa: mstari mmoja, limefutwa.
Bi Mgeni wa Jadida: "kafiwa", na pahala pa hesabu hapana kitu.
Fundi cherehani: "kashona kanzu, tumemalizana."
Na chini ya kila ukurasa, pembeni, penseli nyepesi
kama aliyeona haya kuliandika:

Raya, mmoja.
Raya, mmoja.
Raya, mmoja.

Ijumaa moja: Raya, miwili.
Na mbele yake neno: "anakua."

Nimefunua mpaka jalada la mwisho.
Langu hakulipigia mstari.

Sasa nakaa Kwerekwe, nanunua mkate wa mfuko,
uliokatwa tayari, usionusa chochote.
Saa tisa macho hufunguka yenyewe.
Hakuna aliyegonga. Jirani anakoroma, feni inazunguka,
nami kitandani nazipanga kalibu gizani,
moja moja, pembe kwa pembe.
Arubaini na moja.

Naanza upya.