Ugonjwa Uitwao Huzuni

Huku kwetu Artigas, mpakani na Brazili,
ugonjwa huu midomoni mwa watu hauna jina la hospitali.
Twauita Huzuni.
Mtu husema, "Ng'ombe wangu ana Huzuni,"
na mwenziwe hukiweka chini kibuyu cha mate
asikinyonye tena.

Delmiro, kaka yangu, alishuka kusini mnadani
akarudi na mitamba kumi na wawili,
manyoya yanang'aa kama viatu vya Jumapili.
Kule hakuna kupe. Bei ilikuwa ya kutupa.
Mama aliwazunguka mmoja mmoja, akauliza:
"Hawa wameshaumwa nini maishani?"
Delmiro akacheka: "Hawajaumwa chochote!"
"Basi," alisema mama. Akaingia jikoni.

Siku ya kumi na tisa
wa kwanza alijitenga chini ya mkaratusi,
masikio yamelegea. Akakojoa
rangi ya divai.
Niligeuza ukope wake: ndani mweupe pe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sawa.
Lakini ng'ombe hana nguo ya kukung'uta,
ana ngozi, na ngozi haivuliwi.

Daktari Zulma alitoboa ncha ya sikio,
akapaka tone kwenye kioo, akaniita darubinini:
ndani ya chembe nyekundu, vipeasi viwili viwili
vimeegemeana kama pacha tumboni.
"Ndio hao," alisema. Sikuamini
kitu kidogo hivyo chaweza kulaza kilo mia tatu.

Tulizika saba.
Wakati ule ule Madoa, kikongwe wetu wa pembe moja,
mwenye kupe kama punje za maharage kinenani,
alikuwa amelala anacheua.
Aliumwa utotoni, akapona. Damu yake haikusahau.

Sasa tunaogesha kwa kalenda, si kwa hasira,
tunabadili dawa kabla kupe hawajaizoea.
Na ndama wakitimiza miezi minne
Zulma huja na mtungi unaofuka moshi wa baridi:
vimelea vile vile, hai, vilivyolelewa vikanyongea.
Delmiro hushika mkia, mimi shingo.
"Huzuni kidogo," humnong'oneza ndama, "mapema."

Mwaka huu mmoja alinipiga teke la goti.
Bado nachechemea.
Yeye anakimbia.