Kidole Kimoja

Nurdolot alikuja na magurudumu manne mapya,
bado yamevaa nailoni, yakinuka duka,
akasema: Begimai, livue haya, livike yale.
Ilikuwa Oktoba, Naryn, mto umeanza kuganda kingoni.
Nikachukua spana. Kisha nikaiweka chini.

Nilimfungulia mlango wa dereva.
Kwenye nguzo, chini ya komeo, pana kibandiko
cha ukubwa wa kiganja. Maandishi ni ya Kijapani,
siijui hata herufi moja,
ila tarakimu hazihitaji mkalimani.
Mia mbili sitini na tano: upana wa tairi, kwa milimita.
Sitini na tano: kimo cha ubavu, kwa kila mia ya upana huo.
Kumi na saba: inchi za ringi.
Na upepo wake, upimwe asubuhi, gari halijatembea.
Hiki, nikamwambia, ndicho cheti chake cha kuzaliwa.
Yeye akatazama simu.

Waliolichora gari hili hawakuwa wachoyo wa mpira.
Walikunja usukani hadi ukagoma,
wakaiminya springi mpaka goti likagusa kidevu,
wakatazama tairi linapita wapi,
wakaacha nafasi.
Ile unayoiona tupu chini ya madigadi
haikusahauliwa. Ina mwenyewe.
Huja ukigonga shimo.

"Lakini yanaingia," akasema. "Matundu sita, nati sita."
Kweli. Na kiatu cha kaka yako kina kamba kama chako.
Nikampimia: toka katikati ya ringi
hadi uso unaokibusu kitovu,
ya kiwandani ni milimita thelathini.
Mpya zake: sifuri.
Yaani gurudumu linatoka nje, linatanua mabega,
na beringi inabeba mzigo kwa mkono ulionyooshwa.
Jaribu kushika ndoo hivyo toka hapa hadi mtoni.

Babu yangu alishona matandiko ya farasi huko At-Bashy.
Hakumuuzia mtu aliyekuja bila farasi.
Alipenyeza kiganja kati ya tandiko na bega la mnyama,
akaagiza atembezwe, akapenyeza tena.
Mimi hutumia kidole. Nilikiingiza kati ya tairi jipya
na mkono wa chuma ulio ndani yake.
Kiliingia nusu, kikakwama.

Sikio la kufa. Nikalivika.
Ya zamani aliyaacha yawe sehemu ya malipo,
akaondoka, gari limepanda karibu sentimita tatu,
mshale unasoma sitini, lenyewe linakwenda sitini na nne,
vijana wa kona ya soko wakapiga mluzi.

Nikayafuta matope. Nikaandika kwa chaki ndani ya kila ringi:
N, mbele kushoto. N, mbele kulia.
Sijui kwa nini. Mkono uliandika.
Nikayapanga stoo, nyuma ya magunia ya viazi.

Siku ya kumi na moja alirudi juu ya lori la kondoo.
Mteremko wa Kalmak-Ashuu, kona ya kulia,
theluji ya kwanza, shimo.
Tairi lilikula plastiki, likaufikia mpira wa breki.
Halikuukata. Liliulamba tu.
Alinionyesha mahali, akipitisha ukucha, polepole,
kama mtu aliyekuta jina lake
kwenye orodha asiyotaka kuwamo.
Mama yake alikuwa kiti cha nyuma siku hiyo,
amepakata dumu la maziwa.

Hakuuliza bei.
Niliyatoa stoo, akaiona chaki.
Alicheka kidogo, kisha akaacha.
"Unaniuzia changu."
"Na kodi ya stoo," nikasema.

Nilikaza nati kwa kuvuka, hii kisha ya ng'ambo yake,
nikashusha jeki, nikaingiza kidole:
kikapita chote, na pete yake.
Naye akapiga magoti kwenye matope,
akavua glavu, akaingiza chake.