Nyeupe Ipi?

Alikuja dukani na kipande cha kitambaa,
akataka nyekundu. Si hii. Si ile.
Nikachanganya mara saba, kijiti kikachoka.
Huyu Mjerumani, nikasema moyoni,
anatafuta rangi au anatafuta ugomvi?
Jina lake Wiebke. Chake Chake wakamwita Bi Vipuke,
akaitika.

Nikampelekea makopo Tibirinzi, juu kwa fundi cherehani.
Ukutani mistari myeusi, myembamba, imesimama wima,
basi.
Nikasogea hatua moja: ikapumua.
Nikarudi: ikatulia
kama paka anayejua anatazamwa.
"Haiendi," akasema kwa Kiswahili cha kitabuni,
"ni wewe unayeiendesha."

Kisha akanikalisha mbele ya mraba mwekundu:
hesabu hadi thelathini, usipepese.
Nikahesabu. Akauondoa.
Kwenye chokaa tupu ukaelea mraba wa kijani,
kijani cha maji ya kina kifupi,
rangi ambayo sikuichanganya mimi
wala yeye hakuipaka.
Nikaifuata kwa macho, ikakimbilia darini, ikafa.
Miaka kumi na mmoja nauza rangi.
Hiyo hatuna kwenye rafu.

Nikamsimulia mama, Bi Mboja, anayesuka ukili barazani
na macho yake yamefunga ukungu.
Akacheka. "Nina watoto wawili,
wewe na huyu mtoto wa jicho.
Yeye angalau hatoki nyumbani."

Bi Vipuke akaja kuuona mkeka.
Zambarau, nyekundu, nyeupe, zimepishana
hata ukiutazama sana unateremka ngazi
na hali umekaa.
Akauliza: unazijuaje rangi, nawe huzioni?
Mama akamtia mkononi miyaa miwili.
"Nyekundu imechemka zaidi. Ina ubishi. Fumba macho."
Mzungu akafumba.
Akakaa hivyo mpaka chai ikapoa,
vidole vikikosea, vikirudi,
na mama akimgonga kiganja: siyo hiyo.

Tangu siku hiyo nimeharibika.
Leo asubuhi kaja mtu kutoka Wawi, ana haraka,
ataka debe la nyeupe.
Nikamwuliza: nyeupe ipi?
"Nyeupe! Kuna nyeupe ngapi?"
Nikamwekea mbele kifuniko cha kopo jekundu.
Hesabu hadi thelathini, nikamwambia, usipepese,
kisha tutazame huo ukuta.
Akanikodolea mimi kwanza.
"Moja," akasema kwa hasira. "Mbili."