Namba Thelathini na Moja

Makundi kumi na moja, watu wanne kila kundi,
kazi yao kufasiri vikaratasi vya dawa.
Hawajaonana uso kwa uso; huandikiana.
Nimepewa jumbe zao, elfu tisa na ushei,
niyafute majina, nitie namba,
kisha nigawe: swali, jibu, sifa, ugomvi,
na safu ya mwisho, porojo.

Juma la pili nilishajua
kundi la sita hulala mapema,
na la tisa halimalizi kazi bila kumtania thelathini na tano.
Daktari Mwachofi aliniasa:
usimhesabu mtu ukalisahau kundi,
usilihesabu kundi ukammeza mtu.
Wali una ladha yake, na chungu kina tabia yake.

Namba thelathini na moja alinisumbua.
Asubuhi mpole, salamu kwa wote, koma mahali pake.
Adhuhuri mkavu kama kaa la juzi.
Usiku wa manane mcheshi, hajui herufi kubwa,
anasahihisha makosa ya wenzake yasiyomhusu.
Kwenye chati alitokeza kama nundu.
"Mtu mmoja, hali tatu," niliandika pembeni,
nikalipigia mstari, nikajisifu.

Siku ya mahojiano nikashuka Majengo.
Mlango alifungua Mishi.
Nyuma yake Riziki, unga wa mahamri viganjani.
Mwanatumu bado kalala, zamu yake usiku.
Kompyuta moja, kifuniko kimeshikwa na utepe,
akaunti moja, bando la mchango,
malipo ya mtu mmoja.

"Fomu yenu iliuliza jina," alisema Mishi.
"Haikuuliza wangapi."

Wakabishana mbele yangu
nani alikosea kipimo cha dawa ya watoto mwezi wa tatu.
Chai yangu ikapoa.
Miezi mitano nimelisaka kundi kwenye waya,
kumbe limeketi mkekani,
ndani ya namba moja.

Daktari atasema: futa, hiyo data chafu.
Sijampigia.
Nimerudi Tudor, stima imekatika,
nasoma jedwali kwa mwanga wa simu,
na kila namba sasa naitilia shaka:
kumi na mbili, asiyesema kitu,
arobaini, asemaye sana.

Karatasi ya ridhaa ina mstari mmoja wa sahihi.
Wametia tatu,
zimebanana,
ya mwisho imepinda kuelekea juu, pambizoni.