Upande wa Pili

Mvua ya Tukuyu haina ratiba.
Nimefunga dirisha, kompyuta nimeiweka mezani
juu ya kitambaa alichofuma mama,
na redio kaseti ya mjomba, mlango wake
umeshikiliwa na mpira wa tairi.
Waya mmoja, shilingi elfu tatu sokoni,
unaunganisha mwaka themanini na saba na leo.

Kwanza penseli. Utepe umelegea,
nauzungusha polepole kama anayemlisha mtoto uji.
Kisha nabonyeza, na mashine, hodari wa haraka,
inagundua kwamba hapa hakuna njia ya mkato:
dakika tisini ni dakika tisini.
Inabidi ikae kama sisi, isikilize.

Baba yuko Kitwe, kwenye shaba.
Anakohoa. Anasema ndaga,
anatutaja wote, hadi ng'ombe,
anauliza kama migomba ya bondeni imetiwa samadi.
Upande huu naujua. Tuliusikiliza hadi betri zikafa,
tukazianika juani, na jua lenyewe la Tukuyu.
Kabla ya betri mpya ikaja telegramu.
Mama akaifungia kaseti sandukuni,
hakuitaja tena.

Nageuza.

Kwenye kioo mstari umelala kama maji ya Ngozi,
halafu unainua vilima vidogo vya kijani:
"Subilaga, hili usiwaambie watoto.
Nauli ya kufika Tunduma nilikopa kwa Mwangomo.
Madebe mawili ya maharage. Mlipe kabla ya masika,
asije akasema nilikimbia."

Kumbe.
Ndiyo maana Mwangomo alipita mlangoni petu
miaka yote ile bila kupiga hodi,
na msibani alikaa mbali na moto, kimya,
hakudai hata punje.
Nasi tukasema: kiburi tu kile.

Programu inaniuliza, niondoe kelele?
Hapana. Acha zilivyo.
Inataka jina la faili. Naandika: deni.

Umeme unakatika saa kumi na moja, nimeshahifadhi.
Navaa mabuti. Debe la kwanza najitwika mimi,
la pili Lugano, mwanangu, anayenung'unika,
kwa nini tusingoje mvua ikatike?
Tumengoja, namwambia.

Nyumba ya Mwangomo siku hizi ni ya mjukuu.
Anafungua, anatazama maharage, anatutazama sisi
tunavyochuruzika maji kizingitini,
nami sijui nianzie upande gani.