Saa Nne na Nusu

Ilianza saa kumi na mbili kamili, anasema mumewe,
kikombe kilimponyoka, naye akakitazama
kama kikombe cha jirani.
Namuuliza tena, maana hapa swali hili ni nusu ya dawa:
kumi na mbili, una hakika? Anaapa.
Redio ndiyo kwanza ilikuwa inaanza taarifa ya habari.

Wamemleta kwa bodaboda kutoka Nanguruwe,
yeye kati, mjukuu nyuma akimshika shingo isilale.
Vumbi la njiani bado liko kwenye nyusi.

Sasa yumo ndani ya pete ya mashine, Somoe Nampoto,
mkono wa kulia umelala ubavuni
kama mzigo aliowekewa na mtu ashike kidogo.
Namwambia, usitikisike mama. Anajibu, "Kuku."
Mumewe anacheka, kisha anaacha kucheka.

Picha zinakuja, kipande baada ya kipande.
Damu haijavuja. Hiyo naitamka kwa sauti.
Ile nyingine haitaki kutoka:
ubongo ulionyimwa damu alfajiri
asubuhi bado unajifanya mzima.
Natafuta mpaka wa kijivu na cheupe,
na kushoto, usawa wa sikio, nadhani umefifia.
Nadhani. Nafuta kioo kwa kiwiko.
Kioo hakina doa.

"Miaka kumi na tisa," mumewe anasema mlangoni,
"alikaa mezani pale kiwandani, anachambua korosho.
Punje ikianza kuharibika kwa ndani anaijua,
wewe unaiona nyeupe tu.
Mwulizeni mwenyewe."

Ningemwuliza.
Nampigia daktari: kushoto, ndiyo kwanza inaanza, eneo bado dogo.
Nasema bila "nadhani",
na mdomo unanikauka.

Ukutani ni saa tatu na dakika arobaini.
Sisi wa saa ya Kiswahili hatuna haja ya kutoa wala kujumlisha:
tangu jua, tangu kikombe,
saa tatu na dakika arobaini zimekwenda,
na mlango wa dawa unafungwa saa nne na nusu.

Muuguzi anapita mbio na kichupa,
kandambili moja imebaki nyuma, haigeukii.

Somoe ananitazama mimi, siyo picha.
"Kuku," anasema, taratibu,
kama anayenisahihisha.